Sahani ya udi yanipeleka Kariobangi

Dawa ya deni ni kulipa, walinena wahenga. Mimi nina deni lenye umri wa zaidi ya miaka 20. Si la duka wala si la benki, na juzi lilinitoa kwangu Mombasa likanifikisha Kariobangi, mashariki mwa Nairobi, kutafuta kisahani kimoja cha muziki wa jazz kilichokwisha kutumika. Najua wako wasomaji wangu wa Pwani watakaocheka. Watasema, mtu mzima huyu mwenye mvi, aliyekhitimu Kurani chuoni, ana haja gani na jazz? Nawaomba wanistahimilie. Nitaeleza kisa changu tangu mwanzo, na kosa langu sitalificha.

AMANA

Mwaka 1999 jirani yetu mmoja wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, alikuwa akijitayarisha kusafiri. Alikuwa baharia, mpishi katika meli za mizigo, na kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, nilimwita Ami, na hadi leo namwita hivyo. Usiku wa kuamkia safari alinijia na katoni ndogo iliyofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na CD 23, vile visahani vyembamba vya upana wa sentimita 12 vilivyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982 na baadaye vikaenea duniani kote. Ami alizinunua mojamoja katika maduka ya vitu vilivyotumika, bandari baada ya bandari: Marseille, Rotterdam, New York.

"Niwekee, mwanangu," akaniambia. "Hii ni amana."

Neno amana halihitaji tafsiri kwa mtu aliyepita chuoni. Tulifunzwa tungali wadogo, tumekaa juu ya jamvi, kwamba mwenye kuwekewa kitu si mwenye kitu. Hakiuzi, hakikopeshi, na siku akitakiwa hukirudisha kama kilivyo. Nilijua yote hayo. Mwaka 2001 nikaziuza.

Nilikuwa na dhiki, kweli, lakini dhiki siyo sababu niliyojipa. Nilijiambia kwamba muziki ule ni upuuzi wa dunia na kuuondoa nyumbani mwangu ni thawabu. Sitaki kufungua hapa mlango wa mjadala juu ya muziki. Masheikh wetu wana kauli zao, na kila mtu ana mwalimu wake. Ninalosema ni kuwa mtu anayechelea muziki humrudishia mwenyewe, hauuzi akatia pesa mfukoni. Mimi niliivika tamaa yangu kanzu. Mchuuzi mmoja wa kutoka bara alinipa shilingi 1,200 kwa zote. Ami aliporejea mwaka uliofuata, nilimwambia kuwa paa lilivuja wakati wa masika, maji yakaingia katika katoni, zikaharibika zote. Alinyamaza kidogo, kisha akanipa pole. Mwizi akapewa pole na aliyeibiwa!

ILE YA UDI

Leo Ami ana umri wa zaidi ya miaka 80. Macho hayaoni, miguu haimbebi, lakini masikio yangali mazima. Mwaka huu nilipokwenda kumtazama alinitajia CD moja katika zile, ambayo yeye huiita "ile ya udi". Hakuidai. Alisema tu kwamba ameikumbuka.

Jina lake ni Jazz Sahara. Ilirekodiwa New York mwaka 1958, na mwenyewe ni Ahmed Abdul-Malik, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1927, wazazi wake wakiwa wametoka kisiwa cha St. Vincent huko Karibiani. Aliingia Uislamu, akajifunza muziki wa Kiarabu kwa majirani zake Waarabu wa Brooklyn, na akawa bingwa wa besi kubwa hata mpiga piano Thelonious Monk akamchukua katika kikundi chake. Katika Jazz Sahara yeye mwenyewe anapiga udi. Mna na kanuni, mna fidla, mna duf, na juu ya hayo yote mna saksafoni ya Johnny Griffin. Nyimbo ni nne tu, tena majina yake ni ya Kiarabu: moja yaita watu, ya pili yasema sikiliza, ya mwisho yataja furaha iliyotushukia.

Sasa msomaji mpendwa utafahamu kwa nini baharia wa Kibokoni aliizimia sahani hiyo. Sisi ni watu tuliolelewa na udi wa Zein l'Abdin na sauti ya Juma Bhalo. Na mambo ya sahani hayakuanza kwetu jana. Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kutiwa sauti katika sahani za santuri, na sahani hizo zikarudi Pwani zikachezwa mabarazani. Ami alipousikia udi ndani ya duka la New York, hakusikia kitu kigeni. Alisikia nyumbani.

Waweza kuniuliza, mbona usimtafutie katika simu, maana siku hizi muziki wa dunia nzima umo humo? Nimemfikiria hilo. Lakini deni la kitu hulipwa kwa kitu. Nilichukua sahani mkononi mwa mtu. Sahani ndiyo ninayotakiwa kuirudisha.

KARIOBANGI

Mombasa nilitafuta nikachoka. Nairobi nilianzia Kenyatta Market, ambako kuna kibanda mashuhuri cha Real Vinyl Guru cha Bwana James Rugami, nyumba ya zile sahani kubwa nyeusi za zamani. Lakini mimi nilikuwa nataka CD, na mtu mmoja sokoni akanielekeza Kariobangi, upande wa viwanda vidogo ambao wenyeji huuita Light Industries.

Wasioufahamu mtaa huu niwaeleze. Uko kando ya barabara ya Outer Ring, umepakana na Korogocho, na kuanzia asubuhi hadi magharibi ni mlio wa nyundo juu ya bati. Huku wanachomelea milango ya chuma, kule wanafungua injini, pale wanauza vipuri vya magari yaliyokufa ili yaliyo hai yapate kutembea. Kitu kilichotupwa kwingine, Kariobangi hupewa maisha ya pili. Sikushangaa basi kwamba muziki uliotupwa nao ungefika hapo.

Duka lenyewe ni chumba kimoja katikati ya muuza vioo vya magari na fundi wa redio. Mwenyewe ni mtu wa miaka 40 na kitu, mpole wa maneno. Ukutani kuna rafu za mbao, na chini kuna makasha ya plastiki yaliyojaa CD hadi juu.

"Karibu mzee. Unatafuta gani?"

"Jazz," nikamwambia.

"Jazz ya Misiani ama ile ya Marekani?"

Swali lake lilinifurahisha, kwa sababu ndivyo tulivyo. Katika Afrika Mashariki na Kongo neno jazz kwa miaka mingi lilikuwa ni kusema bendi. OK Jazz ya Kinshasa iliundwa mwaka 1956, na Franco akaipiga hadi alipofariki mwaka 1989. Tulikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, tukawa na Shirati Jazz ya D. O. Misiani, tukawa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga. Hata mmoja katika hao hakupiga jazz kama wanavyoijua New York, lakini jina lilisikika la kisasa, wakalichukua wakalifanya lao.

Nikamwambia nataka ya Marekani. Akanivutia makasha mawili na kigoda, akaendelea na kazi yake.

MASOMO YA MUUZAJI

Nilipomuuliza mali yake yatoka wapi, alijibu bila kuficha. Kuna wageni wanaomaliza kazi Nairobi wakauza vyombo vya nyumba. Kuna wazee wanaokufa, watoto wao wakasafisha chumba. Kuna wenye njaa. Na kuna wenye kuhamishwa. Alinitajia Mei 2020, katikati ya Ramadhani, wakati wa maradhi ya korona, matingatinga yalipobomoa nyumba za maelfu ya watu karibu na mitambo ya majitaka hapo hapo Kariobangi. Jamaa zake walikuwa miongoni mwao. Walitoka na godoro na sufuria. Sahani zikabaki chini ya kifusi. "Tangu siku hiyo," akasema, "nikiona CD imetupwa, siwezi kuipita."

Kisha akanifunza namna ya kununua, nami nawapa wasomaji bure. Kwanza, fungua kasha utazame ndani, kwa maana mara nyingi jalada husema hili na ndani mna lile. Pili, geuza uso wa chini. Iliyotoka kiwandani aghalabu ni nyeupe ya fedha, na iliyonakiliwa kwa kompyuta aghalabu ina rangi ya kijani au buluu. Tatu, iinue mbele ya mwanga. Ukiona vitundu kama vya sindano, iache, maana lile tabaka la madini linaloakisi mwanga limetoboka. Nne, usiogope sana mkwaruzo mdogo wa chini, ogopa ule wa juu penye maandishi. Muziki umelala karibu na upande wa juu, chini ya rangi tu. Huku chini mna unene wa plastiki unaoulinda.

Akachukua CD moja chafu, akaitia katika beseni la maji ya sabuni, akaisuuza na kuifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

"Maji hayaidhuru?" nikauliza.

"Maji?" Akacheka. "Mzee, CD ni plastiki. Maji haiwezi kuiua. Karatasi ya jalada ndiyo huharibika. CD yenyewe unaosha inaimba."

Nilinyamaza, mkono wangu ndani ya kasha. Nilikumbuka Kibokoni, mwaka 2002, na kisa changu cha paa lililovuja. Nikamkumbuka Ami, mtu aliyeishi na vitu hivi miaka kumi katika unyevu wa meli, alivyonyamaza kidogo kabla ya kunipa pole.

HIARI YA WAWILI

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeinua CD zaidi ya mia. Ndipo nilipoiona moja ambayo sikuitarajia: Uhuru Afrika ya Randy Weston. Muuzaji alitaka shilingi 200. Akaniambia ana swali juu yake: mwanzoni mwa CD hiyo kuna mtu anasema Kiswahili, naye hajapata kumjua ni nani.

Hapo shetani wangu wa mwaka 2001 alinisogelea. Ningeweza kutoa 200, nikaondoka. Lakini mtu huyu alikuwa amenifunza kazi yake bila kunidai kitu. Nikamweleza. Weston, mpiga piano wa Brooklyn, aliitunga kazi hiyo kuusherehekea uhuru wa nchi za Afrika, ikarekodiwa New York Novemba 1960, Melba Liston akiipanga kwa kundi kubwa la wapigaji, miongoni mwao Muislamu Yusef Lateef na mpiga ngoma wa Nigeria, Olatunji. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno ya uhuru, na Weston akataka yasikike pia kwa lugha ya Kiafrika. Akachagua Kiswahili. Sauti ile ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, na wakati huo Tanganyika yenyewe ilikuwa haijapata uhuru, maana bendera yake ilipanda Desemba 1961. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku sahani hiyo mwaka 1964.

Muuzaji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainyoosha mkono, akaichukua CD yake taratibu kutoka mikononi mwangu.

"Basi hii siuzi," akasema. "Hii inakaa hapa."

Nilicheka kwa uchungu, lakini sikuwa na neno. Nilikwenda kusali, na niliporudi nikamkuta ameshika kasha jingine. Lilikuwa jalada la Jazz Sahara. Nikalifungua kwa pupa. Ndani mlikuwa na CD ya kwaya!

Tulipekua zile zisizo na makasha, yeye upande wake na mimi wangu, muda upatao saa mbili. Alasiri ilipokaribia, yeye ndiye aliyeiona. Aliiosha, akaiinua mbele ya mwanga, akaitia mashineni. Udi ukaanza katikati ya nyundo za Kariobangi, na fundi wa redio wa mlango wa pili akaja kusimama akisikiliza.

Nilitoa pesa. Muuzaji akanizuia.

"Ngoja mzee. Bei yake ni 800, lakini wimbo wa tatu unakatakata. Sikia kwanza."

Tukasikia. Ulikuwa unaruka kweli, kama mtu mwenye kwikwi. Akashusha bei hadi 500, akasema nikitaka kuiacha niiache, hatanuna.

Wasomaji wangu wanajua somo la biashara tulilosomeshwa: muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana, na baraka ya biashara imo katika kusema kweli na kuonyesha kasoro. Mimi somo hilo nililihifadhi nikiwa mtoto. Mtu huyu wa Kariobangi, asiyepata kukaa juu ya jamvi la chuo chetu, alikuwa akilitenda mbele yangu kwa CD ya shilingi 800. Nililipa nikaondoka na haya ambayo haikutokana na yeye.

Ndani ya jalada, kwa kalamu ya wino, kulikuwa na jina la mtu na mwaka 1996. Sitalitaja jina. Huenda alikufa, huenda alihama. Na huenda naye aliwahi kumwekea mtu amana.

KIBOKONI

Nilirudi Mombasa kwa treni. Njiani, baina ya Voi na Mariakani, niliandika ubeti mmoja nyuma ya risiti, wala sikutaka kuuongeza:

Chombo nilichoachiwa, si changu bali amana,
Nilikitoa kwa hawa, kwa thamani ndogo sana,
Leo nimesumbuliwa, usiku hata mchana,
Deni hili kulipiwa, kwanza ni kuambiana.

Kesho yake, baada ya alasiri, nikaenda Kibokoni na mashine ndogo ya kuchezea.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimwekea sahani bila ya kusema kitu. Udi ulipolia, uso wake ulibadilika. Vidole vyake vikaanza kucheza juu ya shuka. Wimbo wa tatu uliporuka, akaguna. Ulipokwisha wa nne nilizima mashine, nikamwambia. Nilimwambia kwamba hakukuwa na paa lililovuja, kwamba niliziuza kwa mchuuzi, na kwamba nilisema uongo mbele ya uso wake.

Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"CD haifi kwa maji, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nikiziosha kwa maji ya bomba." Kisha akauliza, "Uliziuza kwa kiasi gani?"

"Shilingi 1,200, Ami."

"Moja?"

"Zote."

Hapo ndipo alipokasirika kweli. Akainua kichwa kutoka mtoni. "Zote! Subhanallah! Ile moja tu niliinunua kwa zaidi ya hizo. Ukiwa wataka kuiba, si uibe kama mtu mwenye akili?" Akakohoa, na kikohozi kikageuka kicheko, nami nikalia na kucheka pamoja.

Nilimwomba anisamehe. Hakusema ndiyo wala la. Alinyoosha mkono, akaitaka sahani, nikampa. Akaipapasa ukingo wake kwa kidole, akaitia tundu la katikati, akairudisha katika kasha mwenyewe, bila ya macho, kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo mara elfu.

"Hii moja imefika," akasema. "Zimebaki 22. Andika majina, nikwambie."

Nikachukua kalamu. Ameniandikisha 15 siku hiyo, na nyingine atazikumbuka, asema, akipumzika. Karatasi ninayo hapa mezani ninapoandika makala haya. Nanyi wasomaji, hasa wa Mji wa Kale, Lamu na Malindi, tazameni makabatini na chini ya vitanda. Mkiona sahani, kanda au CD isiyo yenu, msimuite mchuuzi. Muulizeni mwenyewe kwanza, maadamu yu hai wa kuulizwa. Mimi mwezi ujao, inshallah, naelekea tena Kariobangi.